Meza Moja Haikatiwi Vitambaa Viwili

Tarehe 1 Desemba

Baba yangu,

Shikamoo. Nakuandikia kwa mkono kama upendavyo, maana juzi nilipokupigia kwa simu ya mwalimu mwenzako ulinijibu mara tatu kwamba mvua bado haijanyesha huko, ilhali nilikuwa nikikuuliza habari za magoti.

Mama anakusalimu. Yuko chumba cha mbele bado, hapa kwangu, na kitanda tumekigeuza ili aone mlango. Daktari hataji tena miezi. Anasema "majuma", kisha anatazama viatu vyake. Sikukuficha hilo ulipokuja mwezi uliopita, na leo sikufichi.

Ana ombi, na ameniagiza nilifikishe bila kulipunguza. Anasema hivi: "Miaka thelathini na moja nimeshona vitambaa vya meza za hoteli. Nimepinda ncha, nimepiga pasi, nimekabidhi kwa mlango wa nyuma. Kila likizo ya mwisho wa mwaka wananiambia, mama, ongeza kumi, kuna tafrija ya kokteli. Sijaona hata kitambaa kimoja kikiwa na glasi juu yake. Nataka tafrija yangu. Watu wasimame, washike glasi, waseme upuuzi, nami niwatazame."

Nikamuuliza nani atachanganya vinywaji. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mwanawe.

Ndiyo, Baba. Ni yeye. Hakutakuwa na kileo, hata tone. Ni maji ya matunda na barafu. Wageni ni wenzake wanne wa cherehani na sisi tu. Siku nimeipata: Jumamosi tarehe 21, maana shule yako inafungwa Ijumaa, nawe utakaa nasi likizo nzima. Lililobaki ni saa. Dawa ya mchana humlaza hadi saa tisa. Kuanzia saa kumi huwa na akili timamu na maneno mengi, kisha karibu na saa kumi na mbili maumivu humrudia, hupigwa sindano, hulala. Kwa hiyo tunazo saa mbili tu za kucheza nazo.

Nijibu upesi.

Binti yako mkubwa


Tarehe 5 Desemba

Binti yangu,

Marahaba. Magoti yapo, yananikumbusha kila ngazi kwamba mwili ni wa kuazimwa.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilisimama. Ombi la mama yako silikatai. Mwanamke aliyewashonea wengine karamu maisha yake yote ana haki ya kuketi kwenye yake.

Lakini unajua nilichokisema miaka saba iliyopita, tena mbele ya watu: kwamba sitakaa meza moja na mkono unaowamiminia watu kileo, mpaka mkono huo utafute kazi nyingine. Nilikitoa kiti cha mdogo wako mezani kwa mikono yangu nikakipeleka stoo. Kiapo si koti, mtu alivue kwa kuwa jua limewaka. Wanafunzi wangu walikuwepo siku ile. Leo nitawafundisha nini juu ya neno la mtu mzima?

Nitakuja tarehe 21 kumwona mke wangu. Saa uipange wewe. Kazi yako si ndiyo hiyo, kupanga zamu za watu?

Msomee mama yako sala ya jioni, polepole, asikose mwisho wake.

Baba yako


Tarehe 8 Desemba

Wewe Mziwanda,

Ukiona barua badala ya ujumbe wa simu usishtuke, simu yangu ni nzima. Ila Mama huishika kutwa akitazama picha zako, na haya sitaki ayaone.

Mzee amejibu. Ni yale yale: kiapo, kiti, wanafunzi. Nililia kidogo jikoni, nikanawa uso, kisha nikafanya kazi niliyosomea. Hospitalini ninao wauguzi wawili ambao hawajasemezana tangu mmoja alipomwita mwenzake mvivu mbele ya mgonjwa. Mwaka wa nne huu nawapanga. Mmoja akitoka mlango wa mashariki, mwenzake anaingia wa magharibi baada ya robo saa. Hakuna mgonjwa aliyekosa huduma, na hakuna kelele. Baba mwenyewe kanikumbusha kazi yangu bila kujua.

Basi sikiliza. Wewe utakuja saa kumi kamili, na wageni saa hiyo hiyo. Utamfanyia Mama tafrija yake mpaka saa kumi na moja na nusu, uende zamu yako ya jioni. Baba nitamwambia saa kumi na mbili. Muuguzi wa Mama amekubali siku hiyo kuchelewesha sindano hadi kumi na mbili na nusu, mradi Mama avumilie. Mzee atamkuta macho, atamshika mkono, atasali naye. Mama atawapata wote wawili, na nyinyi wawili hamtaonana.

Mama simwambii. Atajua tu kwamba mmefika.

Usichelewe. Nakujua.

Dada yako


Tarehe 10 Desemba

Dada Kengele,

Wewe ulizaliwa na ratiba mkononi. Nina hakika mkunga alipewa zamu.

Nimekubali. Sikuipenda, lakini nimekubali. Meneja wetu kanipa ruhusa mpaka saa kumi na mbili, na ameitoa kama anayeng'olewa jino, kwa sababu usiku huo tuna tafrija tatu chini ya paa moja. Nitamaliza ya Mama niingie za wenye nazo.

Mwambie atakunywa kile alichokuwa akinipa mimi nikiwa na homa: nanasi, tangawizi, ndimu, na chembe ya chumvi. Unakumbuka? Hapa hotelini nimekitia kwenye orodha, nikakiita "Fundi Cherehani". Watu wanakilipia bei ya shati, hawajui wanakunywa dawa ya homa ya mtoto wa mwalimu. Cha Mama nitakitia mwavuli wa karatasi. Wenzake wa cherehani nao wapate miavuli, wasije wakanisema miaka kumi.

Dada, neno moja. Kile kiti bado kipo stoo, au Mzee alishakichanja kuni? Usimwambie nimeuliza.

Mdogo wako, ambaye hajawahi kuchelewa isipokuwa mara zote


Tarehe 11 Desemba

Baba,

Shikamoo. Kuna badiliko dogo. Daktari amebadilisha dawa za Mama, na sasa anachangamka baadaye kidogo kuliko nilivyokuandikia. Kwa hiyo saa ya tafrija imesogezwa: ni saa kumi na mbili jioni. Ukifika stendi mapema pumzika kwanza mkahawani, usijichoshe, maana kabla ya hapo atakuwa amelala.

Tunakungoja.

Binti yako


Tarehe 14 Desemba

Binti yangu,

Nimeipata. Saa kumi na mbili. Nitakuwepo, Mungu akinijalia.

Habari za kijana usiniongezee, nimeshasikia ya kutosha. Ila nijibu hili: je, moyo wa mama yako bado unaweza kubeba jambo la ghafla? Nauliza kwa ajili ya umri wake tu.

Baba yako


Tarehe 15 Desemba

Mwanangu,

Ukiuona mwandiko huu utadhani mtu amefariki. Hajafariki. Kaa chini usome.

Juma lililopita niliingia stoo kutafuta sanduku la safari, nikakikuta kiti chako nyuma ya magunia. Nilikiweka pale miaka saba iliyopita bila kukifunika, kwa hasira, nikiwa sitaki hata kukitazama. Sasa kimevaa kitambaa cheupe kilichopindwa ncha zote nne kwa mkono ninaoujua. Nilikipapasa. Vumbi lake halikuwa la miaka saba. Lilikuwa la miezi minne, tangu siku mama yako alipochukuliwa kwenda kwa dada yako kutibiwa. Maana yake ni kwamba miaka yote ile alikuwa akiingia stoo, akakivua kitambaa, akakifua, akakianika mahali nisipopaona, akakirudisha. Nami nikila chakula chake jioni na kuwafundisha watoto wa watu habari ya rehema.

Nilikaa juu ya kile kiti mpaka giza likaingia.

Kiapo cha hasira nimekitubia, na nimekitubia mbele ya wanafunzi wale wale, maana niliapa mbele yao. Mmoja wao alicheka. Alikuwa na haki.

Kazi yako bado siipendi; hilo sitakudanganya. Lakini mtu na kazi yake ni vitu viwili, nami nilivichanganya, tena vibaya kuliko mlevi yeyote uliyepata kumhudumia.

Sasa nisikilize. Dada yako ameniandikia kwamba dawa za mama yako zimebadilishwa na tafrija imesogezwa hadi saa kumi na mbili jioni. Sijui kama habari imekufikia. Naomba mapema ya siku hiyo unipe mimi. Nitafika stendi kabla ya saa kumi. Njoo saa kumi na nusu katika ule mkahawa wenye viti vya chuma, mitaa mitatu kutoka kwa dada yako. Tuketi, uniambie yote uliyonyimwa nafasi ya kuniambia, kisha twende pamoja, mimi nikiwa nimekushika bega, mama yako atuone mlangoni tukiingia wawili. Nimeota jambo hili.

Usimwambie dada yako. Yeye akijua atalipangia ratiba. Na simu yako uizime, mwanangu, maana masikio yangu yamechakaa, na saa ile moja nataka tusikilizane.

Baba yako, ambaye amekitoa kiti stoo na kukipiga msasa


Tarehe 28 Desemba

Mdogo wangu,

Uliondoka makaburini kabla udongo haujatulia, nami sikuwa na nguvu ya kukukimbilia. Hukuniuliza kilichotokea chumbani siku ile, wala mimi sikukuuliza mlikuwa wapi. Tulipitana kwenye korido kama watu wa zamu mbili. Naandika yangu. Uandike yako au usiandike.

Saa tisa Mama aliamka mwenyewe. Akataka gauni la kijani. Akataka kitambaa kikubwa kile alichojishonea mwaka aliostaafu, tukakitandika mezani, akasema upande wa dirisha umelegea, tukavuta, akasema sasa mmezidisha. Wenzake wanne walifika kabla ya wakati, wameshikana mikono mlangoni kama wanafunzi wapya. Yule mnene akasema, "Tusimame, tusikae, si tafrija hii?" Wakasimama. Mama alicheka mpaka muuguzi akamshika mgongo.

Saa kumi akatazama mlango. Nikamwambia unakuja.

Saa kumi na nusu nikakupigia. Simu imezimwa. Nikapiga hotelini. Meneja wako akaniambia kwa sauti kavu kwamba uliomba jioni yote, si saa mbili, na kwamba usirudi ukitegemea kukuta nafasi yako. Nikajua umetoroka. Mungu anisamehe, nilikulaani pale pale, kwenye ngazi, kwa maneno ambayo Baba hajui kwamba nayajua.

Saa kumi na moja yule mnene alimimina maji kwenye glasi zote ili mikono isiwe mitupu. Walisimama na glasi za maji wakasema upuuzi kwa bidii, ili Mama asisikie ukimya. Mmoja alisimulia habari za sindano iliyopotea ndani ya suruali ya mteja. Mama akatabasamu, macho yake mlangoni.

Kisha akaniita karibu. "Baba yenu anakuja saa ngapi?" Nikasema kumi na mbili. "Na mwanangu?" Nikanyoosha kitambaa upande wa dirisha. Alinitazama muda mrefu, na aliyajua yote, kama alivyokuwa akijua tukiiba sukari. Akasema: "Umewapa saa mbili. Mwanangu, meza moja haikatiwi vitambaa viwili. Ukikata hivyo, vyote vinapungua."

Saa kumi na moja na nusu maumivu yalimjia. Muuguzi akaandaa sindano. Mama akamwambia, "Nichome wakifika." Akamwambia hivyo mara nne. Mara ya tano hakuweza kusema, alishika tu kitambaa cha meza, na glasi mbili zikaanguka. Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro dakika kumi. Mimi ndiye niliyemwambia muuguzi achome. Hilo ulijue. Mimi ndiye niliyesema.

Kichwa chake kilipolala begani kwangu nikasikia mlango. Nikakuona wewe na Baba, mkono wake begani mwako, nyote mkitabasamu kama watu wa kwenye picha.

Mlikuwa wapi?

Dada yako


Tarehe 4 Januari

Dada,

Tulikuwa mitaa mitatu kutoka hapo.

Mzee aliniandikia. Naiambatanisha barua yake, uisome mwenyewe, mimi siwezi kuinakili. Alisema dawa zimebadilishwa, saa imesogezwa, na kwamba wewe ndiye uliyemwambia. Nilikumbuka kwamba saa hiyo ndiyo uliyopanga kumpa, lakini ya dawa hukuwahi kunitajia, nami nikataka kuamini. Aliniomba nizime simu. Nikazima. Miaka saba nimeishi nikingoja mwandiko ule. Angeniandikia niingie kwenye tanuri ningeuliza tu niingie kwa mguu upi.

Nilimkuta ameshaketi, kofia magotini. Aliponiona alisimama, na unajua magoti yale. Alinivutia kiti. Kwa mkono wake, Dada, akakipangusa kwa leso, akasema, "Kaa, baba." Aliniita baba, kama nilipokuwa mdogo.

Nilimweleza kila kitu. Nilimweleza hata majina ya vinywaji, naye akauliza kwa nini kimoja kinaitwa hivyo, akacheka, akajiziba mdomo kama aliyecheka kwenye nyumba ya sala. Nikamweleza habari ya "Fundi Cherehani". Akatoa leso tena. Mhudumu alikuja mara mbili kutuuliza kama tunahitaji kitu, tukamwambia hatuhitaji kitu. Na ni kweli. Saa kumi na moja, wakati Mama anakuuliza, mimi nilikuwa sihitaji kitu duniani. Jua lilikuwa juu ya ile meza ya chuma na baba yangu alikuwa akinisikiliza. Ilikuwa saa nzuri kuliko zote nilizopata kuishi, na ilikuwa ni saa yake. Tulikuwa tunamwibia.

Mananasi yangu mawili yalikuwa chini ya meza, ndani ya mfuko.

Nilikuwa mtoto mkaidi. Kila alilosema nilifanya kinyume, unajua. Siku moja tu nikamtii, neno kwa neno, saa kwa saa. Utii ndio ulionichelewesha. Sasa nifanye nini na hilo? Nimpelekee nani?

Usiku ule mlipokuwa jikoni nilikitengeneza kinywaji chake hivyo hivyo. Nikakitia mwavuli, nikakiweka kwenye kimeza cha kitandani. Asubuhi glasi ilikuwa tupu na mwavuli umelazwa pembeni, kwa utaratibu, kama anavyolaza sindano zake. Aliamka basi, hata kama ni kidogo, akakinywa. Hilo ndilo nililobaki nalo. Usiniambie vinginevyo.

Nahama hapa. Kazi imekwisha, na hata isingekwisha, siwezi tena kusikia barafu ikianguka kwenye glasi. Usinitafute kwa muda.

Mziwanda


Tarehe 9 Januari

Baba,

Shikamoo. Mdogo wangu amenitumia barua uliyomwandikia. Nimeisoma nikiwa kazini, nikaomba kutoka, na sikujua niombe kutoka niende wapi.

Sina njia ya kulisema kwa upole. Dawa hazikubadilishwa. Saa haikusogezwa. Nilikudanganya. Nilimwambia yeye kumi na wewe kumi na mbili, ili msikutane, kwa sababu uliniandikia kiapo nami nikakiamini. Wewe ulikuwa umeshakitubia kabla ya kunijibu barua yangu ya pili, ukanificha. Mimi nilikuficha nawe ukanificha, kila mmoja ameshika ncha yake ya kitambaa akivuta, akidhani ananyoosha.

Ungeniandikia mstari mmoja tu, Baba. Na mimi ningekuandikia ukweli mmoja tu. Sijui lipi limemkosesha Mama zaidi, na nimechoka kupima.

Wale wauguzi wangu wawili nimewapanga zamu moja juma hili. Wanagombana tangu asubuhi. Nawaacha.

Kuna la mwisho. Anaamini Mama aliamka akanywa kile kinywaji. Muuguzi alikuwa naye usiku kucha. Anasema hakufumbua jicho, si usiku ule wala hadi alfajiri ya Jumatatu alipokata roho. Mimi glasi sikuigusa. Sikuulizi, Baba.

Binti yako


Tarehe 20 Februari

Mwanangu,

Hii ni barua ya tatu. Mbili zimerudi zikiwa zimefungwa, na juu yake mtu ameandika kwamba aliyeandikiwa amehama. Hii naipitisha kwa rafiki yako wa hotelini, ambaye amemwambia dada yako kwamba huonana nawe wakati mwingine, na kwamba umekonda.

Katika zile mbili nilikuandikia mengi juu ya subira. Ni heri zilirudi. Mtu aliyesababisha njaa hahubiri mfungo.

Dada yako ameniungamia uongo wake, nami nimemjibu kwamba sina jiwe la kumrushia, kwa kuwa langu lilikuwa limeshaondoka mkononi. Yeye alidanganya kwa sababu alinijua nilivyokuwa. Mimi nilinyamaza kwa sababu nilitaka nionekane nilivyogeuka, mlangoni, mbele ya mama yako, kama mtu wa kupigiwa makofi. Toba yangu ilitaka watazamaji. Mungu hakuikataa, lakini Alinionyesha bei yake. Nasali bado kila saa iliyoamriwa. Hata hivyo sitakuficha kwamba nikifika mahali pa kuomba, huwa sioni la kuomba, maana nililolitaka nilipewa: nilikaa nawe saa moja u nusu. Nilipewa kutoka mfukoni mwake.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo kwa majuma sita nimelizunguka.

Alfajiri ya Jumapili muuguzi alitoka kwenda kunawa. Mimi nilikuwa kwenye kiti kando ya mama yako. Glasi yako ilikuwa pale. Barafu ilikuwa imekwisha, na ule mwavuli wa karatasi umeloa ukainama. Nililowesha ncha ya kidole nikaigusisha kwenye midomo yake, nikangoja. Midomo haikusogea. Nikafanya hivyo tena. Kisha nikauondoa mwavuli nikaulaza pembeni, na nikakinywa mimi. Chote. Miaka saba nilimhukumu mwanangu kwa kilichomo ndani ya glasi zake, na sikuwa nimepata kuionja hata moja. Ilikuwa nanasi, na tangawizi, na ndimu, na chumvi kidogo mwishoni. Niliijua ladha ile. Nilikuwa nikiisikia harufu yake jikoni kila ulipougua, nikipita kwenda darasani.

Mama yako hakuamka, mwanangu. Hakukinywa.

Dada yako aliniambia kwamba hili ndilo ulilobaki nalo. Nilitaka nikuachie. Nilishika kalamu nikaiweka chini mara nyingi kuliko ninavyoweza kusema. Kukuachia lingekuwa jambo la huruma, na sisi watatu tunajua sasa huruma yetu ya kufichana hufanya nini. Tulimficha yeye, tukafichana sisi, kila mtu kwa mapenzi, na yeye akakaa saa mbili akitazama mlango. Siwezi kuanza tena kwa kukuficha. Kama umeifungua barua hii, nimekupokonya kitu cha mwisho. Kama hukuifungua, umekibakiza. Nimesali nisijue nasali kwa lipi kati ya hayo mawili.

Kiti chako kiko mezani, mkabala na kile cha mama yako, ambacho sijakiondoa. Kitambaa nakifua mwenyewe. Nakipinda vibaya.

Nakuomba uje. Safari hii sikupi saa.

Baba yako